Kuponywa Bila Kuulizwa

Kwanza kabisa namwomba radhi msomaji yeyote atakayedhani nchi ninayoieleza hapa ni yake. Si yake. Nchi yake ina wagonjwa, yetu haina. Jina la nchi yetu sitalitaja, kwa kuwa yenyewe inajijua, tena ina masikio mazuri sana.

Mimi ni Mzee Hezroni, mwenyekiti wa kamati ya mapokezi katika usharika wetu. Kazi yangu ni wageni rasmi. Najua ni nani hukalia kiti cha plastiki na ni nani huwekewa mto; najua soda ya nani lazima ifunguliwe mbele ya macho yake, na ni mheshimiwa yupi hapendi karanga zenye maganda. Kwa kazi hii nimewaona wakubwa kwa karibu, na nathibitisha kuwa wote ni watu wema. Nalisema hili mapema lisije likasahaulika huko mbele.

Kanisa letu limepakana na hospitali ya wilaya. Katikati pana ukuta, na juu ya ukuta vimepachikwa vipande vya chupa. Siku serikali ilipozindua wodi mpya upande ule, Waziri wa Uzima wa Taifa, Mheshimiwa Pankrasi Lwambuka, alianzia kwetu ibadani. Ilikuwa Jumapili ya ushuhuda. Mama mmoja alisimama mbele, akaweka fimbo yake chini, akasema mguu uliomtesa tangu mavuno umepona kabisa. "Bwana asifiwe!" akapaza sauti. "Amina!" tukamjibu, tukapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele. Ndiyo desturi yetu. Kwetu mtu akishuhudia hangojewi amalize, anajibiwa.

Wakati wa chakula Mheshimiwa alikuwa ameshika paja la kuku lakini halili.

"Baba mchungaji," akamwambia mchungaji wetu Nikanori, "yule mama alipewa dawa gani?"

"Aliombewa tu, Mheshimiwa." Mchungaji Nikanori ni mtu mwepesi wa kufurahi, na siku hiyo furaha ilikuwa imemjaa mpaka kwenye miwani. "Mtu akisimama mbele ya watu akakiri kwamba amepona, ile imani inamwinua."

"Akikiri tu?"

"Akikiri."

"Na gharama yake?"

"Neema haina gharama, Mheshimiwa."

Mheshimiwa akalirudisha paja sahanini, akafuta vidole kimoja kimoja. Sijawahi kuona kiongozi aliyeguswa na neno kiasi kile.

*

Haikuchukua muda Bunge likapitisha Sheria ya Ushuhuda. Ilipita kwa kauli moja, na wabunge waliokuwa na mafua wakapona palepale. Tangu siku hiyo nchi yetu haijapata mgonjwa.

Utaratibu ulikuwa mzuri. Kila Alhamisi jukwaa liliwekwa kwenye ukumbi wa hospitali. Wagonjwa walisimamishwa mmoja mmoja, na wasioweza kusimama walishikiliwa. Afisa Uponyaji wa Wilaya, Bwana Fulgensi, mtu mpole mwenye sauti ya mtangazaji wa mpira, aliwawekea kipaza sauti mdomoni. "Nimepona," mgonjwa alisema, "naishukuru serikali." Hapo wauguzi walipiga makofi kwa amri, mtu akapewa soda baridi, akasindikizwa hadi getini. Asiyeweza kusema alipewa msemaji. Aliyezimia kabisa alihesabiwa kuwa mwenye imani ya ndani, akasindikizwa kwa machela.

Kwa kuwa dawa hazikuhitajika tena, stoo yake ilijazwa spika. Ile taa kubwa ya chumba cha upasuaji ilining'inizwa juu ya jukwaa, maana inapiga mwanga mzuri kwa picha. Waliofia majumbani baada ya kupona walielezwa redioni kuwa wameacha kupona kwa hiari yao wenyewe. Waheshimiwa waliokuwa wakikaa ng'ambo miezi na miezi, wakirudi wamenenepa, ilielezwa walikwenda kuwafundisha wenzetu wa huko jinsi ya kupona.

Sisi wa upande wa pili wa ukuta tulianza kuogopa makofi. Ni jambo la aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alhamisi, kabla ya saa sita, makofi yalipoanza kuvuka ukuta, kila mtu uani pa kanisa aliacha alichokuwa akifanya. Mama Nsia, mwenyekiti wa umoja wa wanawake, alibandika sufuria kubwa tu, ile ya msibani, akaanza kuchambua mchele. Hakuwahi kuupika bure.

*

Kisha akaugua Mama Tulizo, mke wa mchungaji.

Naomba nieleweke: kisheria hakuugua. Alikuwa na homa ya mapafu ambayo haikuwa ugonjwa. Alikohoa mpaka akashindwa kulala chali, midomo ikapauka, na mchungaji akambeba mgongoni akaenda naye hospitali kwa mguu. Mtu mzima, mchungaji, amembeba mkewe mgongoni mchana kweupe, na watu tukageuza nyuso kana kwamba tunatazama mvua inatokea wapi.

Bwana Fulgensi alimpokea kwa heshima zote. "Huyu ni mke wa mtumishi," akasema. "Apone taratibu." Akapewa kitanda cha dirishani, na zaidi ya hapo akapewa dripu. Dawa ilitoka kwenye kabati lililoandikwa ZAWADI ZA WAGENI. Chupa ya dripu ilifunikwa kanga ili wenzake wodini wasiione wakakata tamaa ya kupona. Alhamisi ilipofika jina lake lilirukwa, na Alhamisi ya pili likarukwa tena. Mchungaji alishukuru kila mara, akiinama mpaka tai yake ikagusa meza.

"Wananihurumia, Mzee Hezroni," aliniambia.

"Serikali ina moyo, baba mchungaji," nikasema.

Tukatazamana, kisha kila mmoja akatafuta mahali pengine pa kutazama.

*

Ndipo askofu alipowaita wachungaji wote kwenye mkutano wa sinodi, akawapa wito.

Haukuandikwa. Barabarani kulikuwa na vizuizi, na karatasi yoyote yenye neno hospitali ilichukuliwa ikafanyiwe uzima. Kwa hiyo askofu aliwakalisha wachungaji watu wazima kama watoto wa kipaimara, akawaimbisha mpaka kila mmoja akaushika kichwani. Wito wenyewe ulikuwa mfupi: Mgonjwa aachwe awe mgonjwa mpaka apone. Dawa irudi hospitalini. Na asiponywe mtu bila kuulizwa. Kila mchungaji aende akautamke madhabahuni, Jumapili moja, nchi nzima, na kuwaomba waumini wauunge mkono.

Mchungaji Nikanori alirudi nao kichwani akitembea polepole, anaogopa asije akaumwaga. Aliufanyia mazoezi wodini. Aliinama kwenye sikio la mkewe akijifanya anaomba, akaurudia na kuurudia, na Mama Tulizo akawa analala huku akiusikia.

Wazee wa kanisa tulikutana kuujadili. Madirisha tuliyafunga, na jua lilikuwa kali, tukaloa majasho. Mzee mmoja alipendekeza wito utamkwe, ila wakati kwaya inaimba. Mwingine alipendekeza utamkwe kwa watoto wa shule ya Jumapili peke yao, kwa kuwa watoto hawakamatwi mpaka wakue. Mimi nilipendekeza utamkwe baada ya watu kwenda nyumbani. Pendekezo langu lilipata kura nyingi.

"Mtu wa Mungu," Mama Nsia akamwuliza mchungaji, "wewe mwenyewe unasemaje?"

Mchungaji akasema atautamka. Alilisema hilo akiitazama meza.

Siku iliyofuata Bwana Fulgensi akabisha hodi ofisini kwa mchungaji. Nilikuwepo, nahesabu vikombe vya wageni. Nikaangusha kimoja.

"Shikamoo mzee, msihangaike," akasema. "Nimeleta habari njema tu. Mama anaendelea vizuri. Vizuri mno. Kwa kweli, katika utumishi wangu, sijaona mtu aliyekaribia kupona kama yeye."

Mchungaji akavua miwani. "Lakini bado anakohoa, ndugu yangu. Jana alikohoa damu."

"Kikohozi ni mawazo, baba mchungaji." Fulgensi akaketi, akavuta suruali magotini isije ikakunjamana. "Jumapili Mheshimiwa Waziri atakuwa mgeni wenu, na redio ya taifa itarusha ibada moja kwa moja. Amesikia wachungaji mmerudi na maneno vichwani. Kichwa chako ni chako, hatukiingilii. Ila mdomo ukifunguka, mama atapona siku hiyohiyo. Usipofunguka, tutamfanya shahidi wa kudumu. Kila Alhamisi atashuhudia, kisha tunamrudisha kitandani kwenye dripu yake. Jumapili ataanzia hapa kwenu. Au vipi?"

Mchungaji akarudisha miwani usoni. Fulgensi akamshukuru kwa ushirikiano, akanywa maji, akaondoka. Niliogopa mno siku ile hata sikuweza kuokota vigae vya kile kikombe.

*

Jumapili niliamka mapema nikaweka mto kwenye kiti, kitambaa cheupe mezani, maua ya plastiki, soda na karanga zilizomenywa. Nilimwaga karanga, nikaziokota moja moja, nikazipuliza. Mheshimiwa alizila zote.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Kila mtu alikuwa amesikia kuna wito, na hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake. Askari walisimama kwenye milango wakiwa wamevaa mavazi ya kwaya yaliyowabana mabegani.

Mheshimiwa alipewa nafasi ya kusalimu. "Ndugu zangu katika Bwana na katika Chama," akaanza. "Nchi hii ni nzima! Imezidi kuwa nzima! Majirani wanatuonea wivu, wanauliza, hawa wanakula nini? Nasema, hawali kitu, ni uzima tu!" Tukapiga makofi. "Lakini wapo wachache, wenye roho ya homa, wanaodai mageuzi. Mageuzi ya nini, ndugu zangu? Mtu mzima hageuzwi! Anayegeuzwa ni mgonjwa, tena kitandani, asipate vidonda!" Tukacheka, maana Fulgensi alikuwa akitazama nani hacheki.

Kisha ikawa zamu ya mchungaji kutoa mahubiri.

Alishika mimbari pande zote mbili. Akafungua mdomo. Niliona maneno yapo, yamefika hapa kwenye meno. Pembeni, mbele kabisa, mlango wa vestri, chumba cha kuvalia majoho, ulifunguliwa, wakamwingiza Mama Tulizo kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa amevishwa kitenge cha umoja wa wanawake na kupakwa poda. Mkononi alikuwa na plasta mahali walipochomoa dripu. Mchungaji akamwona. Akafunga mdomo.

"Tu... tuimbe," akasema, na hakutaja wimbo gani. Kinanda kikaanza chochote, nasi tukaimba chochote. Sikumlaumu. Nilifurahi, nasema kweli. Nilimshukuru Mungu kwa woga wa yule mtu.

Wimbo ulipokwisha Fulgensi akampelekea Mama Tulizo kipaza sauti. Redio ilikuwa inarusha.

"Bwana asifiwe," akasema. Sauti ilikuwa nyembamba, na pumzi yake ilisikika kwenye spika zote kama mtu anayekokota gunia.

"Amina!" tukajibu.

"Mimi ni Tulizo. Naumwa. Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Mgonjwa aachwe awe mgonjwa mpaka apone. Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Dawa irudi hospitalini. Asiponywe mtu bila kuulizwa. Bwana asifiwe sana!"

"Amina! Amina!" Makofi yakalipuka, vigelegele vikapanda mpaka darini, ngoma ya kwaya ikapigwa. Mheshimiwa Waziri mwenyewe alikuwa amesimama, anapiga makofi kwa mikono miwili iliyoinuliwa juu, anasema amina kwenye kipaza sauti chake, kwa kuwa amefanya hivyo kila Alhamisi na mwili umezoea.

Ndipo maneno yakatufikia.

Makofi hayakukoma kwa pamoja. Yalikufa hapa na pale, kila mtu kwa kadiri ya akili yake. Mwanamke mmoja nyuma alibaki na kigelegele nusu mdomoni. Tulikuwa tumeunga mkono mageuzi. Nchi nzima imesikia, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekusudia. Nilitazama viatu vyangu. Nadhani usharika mzima ulitazama viatu.

Mheshimiwa aliangalia kile kipaza sauti mkononi mwake. Sheria ya Ushuhuda, aliyoitunga mwenyewe, inasema jambo lililoshuhudiwa mbele ya watu na kujibiwa amina ni kweli, na halipingwi. Kisha uso wake ukatulia, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

"Serikali yenu ni sikivu," akasema. "Wito wa kanisa tumeupokea. Kuanzia leo, hataponywa mtu bila kuulizwa."

*

Jioni ile watu walikumbatiana uani. Jumatatu maswali yakaanza.

Fulgensi alipita wodini kitanda kwa kitanda. "Umepona?" aliuliza kwa upole. Mgonjwa akisema bado, Fulgensi alishukuru, akaenda kitanda kinachofuata, akimaliza kuwazunguka wote alirudi. "Umepona?" Aliuliza wakati mtu anakula, wakati anasinzia, wakati amekalia ndoo. Hakumtukana mtu wala hakumgusa. Ilipofika mchana wengi walikuwa wamechoka wakasema ndiyo, wakapewa soda. Tena kulikuwa na kanuni ndogo iliyoongezwa chini ya mageuzi: anayenyamaza amekubali.

Jumanne wodini alibaki Mama Tulizo peke yake. Dripu yake ilikuwa imechukuliwa, kwa kuwa ni mali ya shahidi wa kudumu, naye si shahidi tena. Mama Nsia alitafuta dawa nje ya wilaya, anajua mwenyewe kwa nani, akaziingiza ndani ya chungu cha uji. Muuguzi mmoja alizipokea bila kumtazama usoni, akazitundika, akafunika kanga. Lakini homa ilikuwa imepanda. Mama Tulizo alilala, haongei, macho nusu.

"Mama Tulizo, umepona?" Fulgensi akauliza.

Fulgensi akangoja kidogo kwa adabu, akageukia wauguzi, akainua mkono ili wapige makofi.

"Bado!" Mchungaji Nikanori alikuwa amekaa sakafuni karibu na kitanda. Alilisema kwa nguvu mpaka miwani ikaanguka. "Mke wangu bado anaumwa! Mgonjwa aachwe awe mgonjwa mpaka apone!"

Fulgensi akashusha mkono. Kanuni haikusema nani ajibu. "Jina lako, baba mchungaji, kwa kumbukumbu," akasema, japokuwa alilijua. Na mchana huo mchungaji akaitwa ofisini kuelezwa jinsi alivyo mzima.

Maelezo hayo lazima yalikuwa marefu, maana hakurudi.

Jumatano asubuhi Mama Nsia alikuwa ameketi pale sakafuni badala yake. Alijibu bado kwa muda wote wa asubuhi, huku anasuka ukili. Akaitwa naye. Akaja mpiga kinanda, akaitwa. Akaja fundi wa mabati anayesali kwetu, mtu asiyejua hata kusema mbele ya watu. Kila mmoja alikaa mpaka jina lake lilipotakiwa. Hawakuwa mashujaa, nawafahamu. Fundi alitapika getini kabla ya kuingia. Lakini muuguzi alikuwa amenong'ona kwamba homa imeanza kushuka, na dawa ikiendelea mpaka Jumapili mama ataishi. Hilo ndilo lililokuwa linawapeleka.

Kabla ya kwenda kuketi wodini, Mama Nsia alikuwa amepitia kwangu.

Nilikuwa na sababu nyingi nzuri. Mgongo. Viti vya usharika havijahesabiwa. Umri. Nikamweleza kuwa mimi ni mtu wa kamati, na kamati haijakaa.

"Hezroni," akasema, "mdomo unao?"

"Ninao, mama."

"Wewe si wa mapokezi? Alhamisi ni yako. Kawapokee."

*

Alhamisi nilikwenda. Nilipita getini nikitumaini askari atanizuia, lakini akanipa shikamoo.

Mama Tulizo alikuwa amelala kwenye kitanda cha dirishani, na vitanda vingine vyote vimetandikwa vizuri, vitupu, safu mbili. Shavu lake lilikuwa na jasho, na nilipoligusa halikuwa na moto ule nilioelezwa jana. Nikaketi sakafuni. Nilianza kupanga jinsi nitakavyokwenda chooni na kuchelewa huko.

Kisha nikasikia viatu vingi. Aliingia Fulgensi, wauguzi wenye mikono mitupu, wapiga picha, na nyuma yao Mheshimiwa Waziri Pankrasi Lwambuka. Alitaka kumaliza jambo hili mwenyewe.

Naomba mnielewe. Miguu yangu iliinuka yenyewe. Nilitafuta kiti, nikakipata, nikakipangusa kwa leso yangu, nikamwekea Mheshimiwa. Akaketi bila kunitazama, kama anavyoketi siku zote. Nikabaki nimesimama, leso nimeibana mdomoni.

"Mama Tulizo," Fulgensi akauliza, "umepona?"

Nilisikia pumzi yake, ndefu kidogo, inakwaruza. Wauguzi waliinua mikono. Yule muuguzi aliyeifunika dripu kanga alifumba macho.

"Bado," nikasema.

"Nani amesema kitu?" Fulgensi akauliza akitazama huku na huku. Haikusikika. Nilikuwa nimeisema ndani ya leso. Mikono ya wauguzi bado ilikuwa juu, na mimi nikaona waziwazi kwamba naweza kunyamaza, na hakuna mtu duniani atakayejua kuwa nilikuwa nimesema.

"Bado," nikasema, na safari hii ilitoka kubwa kupita kiasi, ikarudi kutoka kwenye vitanda vile vitupu. "Mheshimiwa, naomba radhi. Mama bado anaumwa."

Waziri akageuka. Alinitazama kwa muda, anajaribu kukumbuka. "Wewe si yule mzee wa viti?"

"Ndimi, Mheshimiwa."

"Na wewe mwenyewe," akauliza taratibu, "una tatizo gani?"

"Naogopa, Mheshimiwa."

Nilidhani watacheka. Hakuna aliyecheka. Mheshimiwa akainuka, akatoka, na wapiga picha wakamfuata. Fulgensi akaniuliza jina, nikamtajia lote, la ubatizo na la baba na la babu, kisha akanishika mkono juu ya kiwiko, kwa upole kabisa, akasema twende ofisini.

Mlangoni tulipishana na kijana mmoja wa sauti ya tatu katika kwaya yetu, sijui hata jina lake. Alikuwa amebeba kigoda chake. Midomo ilikuwa imemkauka, akanitazama kama mtu anayeuliza njia.

"Mama kalala?" akasema.

"Kalala. Jasho linamtoka, ni dalili nzuri," nikamwambia, na Fulgensi akawa ananivuta. "Ukiulizwa jibu kwa sauti, mwanangu. Mara ya kwanza mimi hawakunisikia."